Hesabu Iliyoangukia Pegat

Jombang, 20 Agosti 2023

Bulik Wuryan, mama yangu mdogo mpendwa,

Assalamu alaikum. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Na bibi yangu, Mbah Uti, hajambo? Na Mama na duka lake la vikapu je? Mwambie Mama ile sambal ya pilipili aliyonifungia imeliwa na bweni zima siku ya kwanza, mimi mwenyewe niliambulia kulamba kifuniko. Hapa tunakula tempe na mchuzi wa mchicha ambao ukiuinamia unajiona uso. Kuoga ni foleni, kufua ni foleni, na kulalamika nako kuna foleni yake.

Lakini sijakuandikia kwa ajili ya mchuzi. Bulik, nimedhalilishwa.

Kwenye somo la kompyuta tumeanza mizunguko. Ustadhi Ghofur alisema mzunguko ni kuiagiza mashine irudie kazi bila wewe kuandika agizo lilelile tena na tena. Hapo nilielewa, nikaona ni kitu cha wavivu na nikakipenda. Akatuambia kila mmoja atengeneze wake. Mimi nikataka mashine iandike Subhanallah mara thelathini na tatu, kama tunavyosoma baada ya sala. Nikaiagiza vizuri kabisa: andika, na ukifika thelathini na tatu, simama. Nikabonyeza. Ikaandika. Ikapita thelathini na tatu, ikapita mia, ikawa inamwaga tu maneno kama bomba lililopasuka, mpaka kompyuta ikaganda. Na kompyuta yenyewe tunatumia wawili wawili! Ustadhi ikabidi avute waya ukutani. Rohmah, mwenzangu wa mashine ile, kazi yake yote ikapotea na mpaka leo hanisemeshi.

Halafu Ustadhi akanisimamisha mbele ya wote akasema, "Niswah, santri gani wewe, mwanafunzi wa dini usiyejua kuhesabu tasbihi?" Darasa zima likaangua kicheko.

Sasa nauliza, kosa langu ni lipi? Nimeiambia isimame, haikusimama, halafu anayesimamishwa ni mimi! Hata mtoto wa chekechea ukimwambia thelathini na tatu atasimama. Wewe unafundisha somo hilihili, darasa hilihili. Nieleze, na tafadhali usinieleze kama kitabu, maana kitabu nimekisoma na kimenikasirisha zaidi.

Jambo la pili: posa yako ni lini? Msimamizi wa bweni anataka tarehe ndipo anipe ruhusa. Nimemwambia Bulik wangu anaposwa na mtu aliyengoja miaka mitatu, akacheka akasema huyo si mtu, huyo ni mti. Nijibu haraka.

Mwanao,
Niswah

*

Trenggalek, 5 Septemba 2023

Nduk Niswah, binti yangu,

Waalaikum salam. Sisi hatujambo. Mama yako anataka chupa yake ya sambal irudi, anasema kifuniko ulicholamba ni chake pia. Mbah Uti goti linamsumbua, lakini bado anapanda paani kuanika mihogo, na ukimkataza anakuuliza wewe ni nani wake. Mvua hatujaiona. Mbuzi amezaa mapacha.

Nianze na huyo Ustadhi wako. Mimi ni mwalimu, kwa hiyo nina haki ya kusema: mwalimu anayemsimamisha mtoto kwa sababu amejaribu anawafundisha wote waliokaa wasijaribu. Nilipoisoma barua yako niliiweka mezani nikazunguka ua mzima ndipo nikarudi kuimalizia. Usimwambie nimesema. Au mwambie.

Sasa kosa lako. Uliiambia mashine isimame ikifika thelathini na tatu. Je, uliiambia kwamba kila ikitaja mara moja, isogeze punje moja ya tasbihi? Hukuiambia. Nakuona kutoka huku. Basi punje iko palepale. Mashine inataja, inatazama kidole chake: kiko kwenye punje ya kwanza. Haijafika. Inataja tena, inatazama: ya kwanza. Ingeendelea mpaka Kiyama. Haikukukaidi, Nduk. Imekutii kuliko mtu yeyote aliyewahi kukutii. Wewe ukisoma tasbihi kidole kinasogea chenyewe, ndiyo maana hukukumbuka kukitaja.

Mashine haijui lililo kichwani mwako. Haichoki, haioni haya, haikisii. Usilolisema kwake halipo. Kila ukitaka kuandika mzunguko jiulize: naanzia wapi, nini kinabadilika kila ninapozunguka, na nini kitanisimamisha. Wanafunzi wangu husahau hilo la katikati kila mwaka, na kila mwaka kuna kompyuta inayoganda, na mimi sivuti waya, namwacha aliyeigandisha anieleze kwanza alichotaka.

Tena kuna njia mbili. Ukijua idadi tangu mwanzo, iambie tu irudie mara thelathini na tatu, punje itazisogeza yenyewe. Ile njia uliyoitumia wewe ni ya mambo yasiyojulikana idadi: koroga uji mpaka uwe mzito. Hakuna ajuaye ni mikorogo mingapi, lakini uzito utauona. Ila sharti uji uwe juu ya moto. Ukikoroga uji usio motoni utakoroga mpaka uote mvi.

Kuhusu ruhusa, usiiombe. Tarehe haipo. Soma, kula hata huo mchuzi, na mwombe Rohmah radhi.

Bulik wako,
Wuryan

*

Jombang, 24 Septemba 2023

Bulik,

Assalamu alaikum. Mimi mzima, Rohmah ananisemesha, na tasbihi yangu imesimama palepale pa thelathini na tatu! Nilimwita Ustadhi aje aone. Akatikisa kichwa akasema, "Nani kakuelekeza?" Nikasema Bulik wangu. Na sasa ametupa kazi kubwa: kila mmoja alete mzunguko wa kwao nyumbani, kitu ambacho watu wa kwao hukizunguka, aufanye programu, aueleze mbele ya darasa. Mmoja analeta zamu za maji ya shamba, Rohmah analeta ufumaji wa mikeka.

Mimi nimeshachagua. Na nimechagua kwa hasira.

Ijumaa iliyopita Mbah Uti alikuja kunitembelea. Alileta pecel, mboga za mchuzi wa karanga, tukakaa barazani, nikamuuliza posa imekuwaje. Akageuza uso. Nikambana. Kumbe Bu Sumini, huyo mama yake mchumba wako Mas Jatmiko, amekupigia hesabu! Ametazama siku yako kwenye kitambulisho: Alhamisi, na kwa zile siku tano za soko, Wage. Ya mwanawe ni Jumatatu Pahing. Akajumlisha thamani za siku zenu, ikaja ishirini na tano, akaizungusha kwenye vidole: Pegat, Ratu, Jodoh, Topo, Tinari, Padu, Sujanan, Pesthi, tena Pegat, Ratu, hivyo hivyo mpaka namba ikaisha. Ikaishia Pegat. Kuachana! Kwa hiyo wewe, Bulik, mwenye shahada, unayelea nyumba nzima, umekataliwa na vidole vya Bu Sumini!

Kwa nini hukuniambia? Unaniandikia habari za mbuzi!

Basi mzunguko wangu ni huohuo wa maneno manane. Nataka mashine iupige mbele ya darasa nione kama Bu Sumini anajua hata kuhesabu. Ila nimekwama. Ikifika Pesthi, la nane, inataka la tisa, halipo, inanigombeza kwa maandishi mekundu. Nifanyeje irudi mwanzo?

Na Mas Jatmiko amesema nini? Mbah hakutaka kuniambia.

Niswah

*

Trenggalek, 10 Oktoba 2023

Nduk,

Waalaikum salam. Tunaendelea vizuri. Mbah Uti nimemwambia akija tena kwako alete pecel tu, maneno ayaache nyumbani.

Hivi wewe na Mbah mmeniona mimi ni nini, hadithi ya barazani? Nakukataza kunipeleka mbele ya darasa. Tafuta mzunguko mwingine. Mna zamu za kuosha vyombo huko, zizungushe hizo.

Kwa kuwa umeuliza swali la somo, nitalijibu, maana swali la mwanafunzi sijawahi kuliacha njiani. Umeipa mashine orodha ya maneno manane na hukuiambia orodha ni duara. Kwa watu wa kwetu ni duara tangu tumboni, kwa mashine ni ngazi: ikifika juu, inakanyaga hewa. Iambie hivi: kila unaposogea, tazama kwanza, kama upo kwenye la mwisho, nafasi yako inayofuata ni ya kwanza. Na angalia sana mwanzo. Kidole kinapogusa Pegat kwa mara ya kwanza, hiyo tayari ni moja. Ukianza kuhesabu baada ya kukigusa, utaangukia neno la jirani na hutajua kwa nini.

Umeuliza mwenzangu amesema nini. Alikuja na pikipiki, akasimama nje ya uzio kama mtu wa kusoma mita ya umeme. Akasema, "Dik, tungoje kwanza. Mama bado hajatulia." Nikamuuliza tungoje nini. Akasema, "Mpaka mama atulie." Nikamuuliza mama atatulizwa na nini. Akasema, "Tungoje tuone." Miaka mitatu hii, Nduk! Kwanza tulingoja dada yake apone uchungu wa kuachwa na mume. Kisha tukangoja wapate pampu mpya. Sasa tunangoja kutulia, na aliyepaswa kumtuliza amesimama nje ya uzio wangu akiangalia viatu.

Bu Sumini amewaambia wanawake wa arisani, kile chama chao cha upatu, kwamba ananipenda kama mwanawe, ila namba ndizo zilizokataa. Kama namba zina mdomo!

Mimi sitasema neno. Sitaomba, sitaeleza, sitamtuma mtu. Na wewe usiseme.

Wuryan

*

Jombang, 3 Novemba 2023

Bulik wangu,

Assalamu alaikum. Nisamehe nimechelewa, tulikuwa na mitihani ya kuhifadhi. Na nisamehe tena, kwa sababu hili la pili hutalipenda mpaka ulimalize kulisoma.

Nimeupeleka mzunguko wa maneno manane darasani. Jina lako sikulitaja! Nilisema ni mwanamke mmoja wa Trenggalek. Zamu za vyombo zilishachukuliwa.

Programu inafanya kazi. Nilirekebisha duara kama ulivyosema, nikaanza na moja kama ulivyosema. Nikaingiza Alhamisi Wage na Jumatatu Pahing, ikazunguka, ikatua Pegat. Nilitaka kulia. Nilikuwa nimeomba Mungu iwe Bu Sumini kakosea, na vidole vyake havikukosea.

Lakini alasiri ya siku ileile Mbah Uti alikuja. Nikamwonyesha kwenye daftari jinsi mzunguko unavyokwenda. Akasikiliza, halafu akaniuliza, "Hiyo Alhamisi ya kitambulisho ni ya nani?" Nikasema ya Bulik. Akasema, "Wuryan si wa Alhamisi. Wuryan alizaliwa watu wakiwa langgar, ule msikiti mdogo, wanasali Magharibi. Mkunga alinisuta eti nimemkosesha sala." Bulik, Magharibi! Jua limeshazama! Kila mtu wa kwetu anajua usiku ni wa kesho yake. Hapa tunasoma Yasin Alhamisi jioni kwa sababu ni usiku wa Ijumaa. Kitambulisho kinahesabu siku kwa saa za serikali. Wewe ni Ijumaa Kliwon!

Nikakimbilia chumba cha kompyuta. Nikabadilisha siku moja tu. Ikazunguka, ikapita Pegat, ikapita Ratu, ikatua Jodoh. Kufaana! Nikapiga kelele mpaka Ustadhi akaja. Alipoelewa akasema, "Mzunguko wako ulikuwa sahihi siku zote, ulichokosea ni pa kuanzia." Halafu akaongeza kwamba mashine kuhesabu ni jambo moja, na kuiamini hesabu ni jambo langu na Mola wangu. Sikumsikiliza sana.

Mbah anasema alinyamaza wakati ule kwa sababu Bu Sumini alisema ndiyo siku ya kitambulisho, akaona labda yeye ndiye hajui tena kuhesabu. Hakuna aliyemuuliza! Wametoa hukumu ya mtoto wa mtu bila kumuuliza aliyemzaa! Nimekasirika mpaka sahani yangu ya wali nimempa Rohmah.

Mbah ameondoka hapa anakwenda moja kwa moja kwa Bu Sumini. Mimi ndiye niliyemwambia aende.

Mwanao mwenye furaha na hasira,
Niswah

*

Trenggalek, 21 Novemba 2023

Niswah,

Nani alikutuma?

Salamu zitafuata mwisho, kama zitapatikana.

Mimi nafundisha watoto wapi pa kuanzia kuhesabu. Ni kazi yangu, nalipwa kwa hiyo. Na tangu nikiwa mdogo Mbah Uti alinipikia uji wa siku yangu kila ilipozunguka Ijumaa Kliwon, uji mwekundu na mweupe, nikigawa kwa majirani. Wewe uliona mimi sijui nilizaliwa lini?

Nilijua. Bu Sumini alipotaja Alhamisi Wage, nilijua kabla hajafika kidole cha pili. Sentensi moja tu ingetosha. Niliibana kwenye meno nikamtazama Jatmiko. Nilitaka yeye aseme jambo. Si mengi. Aseme tu, "Bu, huyu ndiye." Aseme, "Pegat na iwe Pegat." Nikangoja. Na yeye akangoja. Basi ulipomtuma Mbah umenipokonya jibu nililokuwa nalisubiri, ukaniletea jingine ambalo sikuliomba.

Wamekuja. Jumamosi, na gari la kukodi, na sinia za wajik na jadah, vitafunio vya mchele wa kunata, na mkungu wa ndizi. Bu Sumini alianza kusema hata viatu hajavua.

"Haya mwanangu, yamekwisha! Kumbe Ijumaa Kliwon! Katoto kadogo ketu kametuumbua wazee wote!"

"Yamekwisha yapi, Bu?"

"Si ile Pegat! Sasa ni Jodoh. Nimehesabu mwenyewe, nikampa na jirani ahesabu."

"Na miezi ile nilipokuwa Pegat, nilikuwa nani?"

"Ah, usinifanyie hivyo, Wuryan. Dada yake Jatmiko alidharau hesabu. Leo yuko wapi? Chumba cha nyuma, kwangu, na watoto wake wawili. Mama aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Unanilaumu?"

Kusema kweli hapo sikumlaumu. Nikamgeukia mwenye jambo.

"Mas, kama Mbah asingekumbuka saa niliyozaliwa, leo ungekuja?"

Akatazama wajik. "Dik, si imeshakuwa nzuri?"

"Sikukuuliza hivyo. Nimekuuliza ungekuja?"

Akamtazama mama yake.

Basi. Nikasimama, nikanyanyua sinia moja baada ya nyingine nikazipeleka mwenyewe mpaka kwenye gari. Ndizi nilimpa dereva. Mama yako ameninunia, Mbah Uti analia jikoni, na mtaa mzima unasema Wuryan amesoma mpaka akili imehama. Wanasema nina umri gani wa kuchagua. Nina umri wa kutosha kujua kwamba sitaki mume ambaye kila nitakapoumwa au kugombana na mama yake atakwenda kuangalia vidole vinasemaje.

Nina hasira na wewe. Nimewazoea watoto wanaokosea, sijawazoea wanaopatia pasipo ruhusa. Usiniandikie kwa muda.

Mbah anakusalimu.

Wuryan

*

Jombang, 30 Novemba 2023

Bulik,

Assalamu alaikum. Umesema nisiandike. Nimeandika. Ukitaka usisome.

Nimelia siku mbili. Siku ya kwanza nililia kwa sababu nimekukosea, na hilo nakuomba radhi, sikupaswa kumtuma Mbah bila kukuuliza. Siku ya pili nilisoma tena barua yako na nikakasirika mimi.

Bulik, ulimpa mtu mtihani bila kumwambia ni mtihani. Hata Ustadhi Ghofur, pamoja na ukali wake, anataja siku na sura. Wewe ulikaa na jibu mdomoni, ukamwacha Mas Jatmiko azunguke, azunguke, azunguke, na hukumwambia nini kitakachomsimamisha. Angejuaje? Uliniandikia mwenyewe kwamba usilolisema halipo. Utasema yeye si mashine. Ndiyo, si mashine, ndiyo maana inauma zaidi! Mashine yangu iliganda kwa dakika tano tu.

Sisi pia ulituacha. Mama alikuwa anashona kebaya yako, vazi la harusi, kimyakimya usiione. Mbah alijiona hajui tena kuhesabu, akajiona amezeeka. Ungesema neno moja, si kwa Bu Sumini, kwetu. Wahenga wamesema mficha uchi hazai, na wewe ndiye uliyenifundisha methali hiyo nilipoficha alama zangu mbaya.

Sijasema uolewe naye. Aliyemtazama mama yake na mimi nisingemtaka. Nasema tu ungemuuliza mapema, peke yake, bila sinia na bila mama, ndipo ujue.

Mzunguko wangu umepata alama ya juu kuliko yote darasani. Sijafurahi. Rohmah anasema nina roho ngumu kukuandikia hivi. Yeye hana bulik kama wewe.

Niswah

*

Trenggalek, 12 Desemba 2023

Nduk wangu Niswah,

Waalaikum salam warahmatullah. Mvua imefika, kisima kimejaa, na Mbah Uti kapanda tena paani kutafuta panapovuja. Mama yako anakuletea sambal Ijumaa, chupa mbili, moja ya bweni na moja ya kuficha. Hongera kwa alama zako. Nimemwonyesha kila mwalimu shuleni kwangu, hata wa michezo.

Barua yako niliijibu siku ileile kwa ukali, nikaichana. Nikaandika nyingine, nikaichana. Ya tatu ndiyo hii, kwa sababu kuna lililotokea kati.

Juzi Jumapili Jatmiko alikuja. Peke yake, na shati la kazini lenye mafuta ya pampu. Wewe ni mtoto wa hapa, sina haja ya kukueleza sana: ilikuwa Jumapili Kliwon, siku aliyokufa baba yake. Kila siku hiyo inapozunguka, nyumba ile haipeleki hata kuku sokoni, sembuse kwenda kuzungumza mambo ya ndoa. Safari hii hakusimama nje ya uzio. Aliingia mpaka barazani.

"Unajua leo ni siku gani?" nikamuuliza.

"Najua. Siku ya Bapak."

"Na mama yako anajua uko huku?"

"Alisimama mlangoni asinipishe. Nikamwambia, Bu, naomba njia." Akakaa kwenye benchi. "Dik, uliniuliza kama ningekuja hesabu isingebadilika. Siku ile nisingekuja. Nakwambia kweli. Nilikuwa namwona dada na wale watoto wake, nikaogopa. Leo nimekuja siku mbaya kuliko zote, ili usije ukafikiri hata mara moja kwamba nimeletwa na siku."

Nduk, nilikuwa nimejiandaa kumfukuza. Maneno nilishayapanga. Badala yake nikamwambia ukweli, kwa sababu barua yako ilikuwa inanichoma. Nikamwambia nilijua tangu mwanzo kwamba mimi ni Ijumaa Kliwon.

Hapo akasimama. Miaka mitatu sijawahi kumsikia akipandisha sauti, hata kwa ng'ombe.

"Ulijua? Nimekonda hivi, nalala kwenye karakana nisimwone mama, na jibu ulikuwa nalo mdomoni?"

"Nilitaka lako, si langu!"

"Ungeniuliza!"

"Nilikuuliza!"

"Uliniuliza mbele ya mama na wajik!"

"Na ungesema nini bila wajik?"

"Ningekwambia naogopa! Ungeniacha niogope siku moja, halafu ningekuja! Wewe ni mwalimu, wanafunzi wako unawapa nafasi ngapi?"

Hapo nikapiga kelele zaidi. Nikamwambia habari za uzio na viatu vyake, akanitajia sinia nilizozirudisha mbele ya dereva, nikamwambia dereva alistahili ndizi kuliko yeye. Mbah Uti akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nyie! Majirani wote wako madirishani wanasikia!"

"Wasikie!" tukasema wote wawili kwa pamoja.

Mbah akatutazama, mmoja kisha mwingine, akarudi jikoni kuongeza mchele.

Ulikuwa na haki kuhusu Mama na Mbah, na nimewaomba radhi. Kuhusu yeye ulikuwa na haki nusu, nusu nyingine tutaigombania ukirudi. Mahali fulani katikati ya kelele zile, sijui ni kabla ya ndizi au baada, nilimkubali, na wala sikuligundua mpaka alipokwisha kuwasha pikipiki. Bu Sumini hajatia mguu hapa, na mimi sitamfuata kabla hajatulia, ila nimemtumia wali wa slametan, dua ya kumkumbuka marehemu, na hakuurudisha.

Jatmiko amenuna hadi leo. Mimi pia nimenuna. Harusi ni mwezi wa Besar, mwezi wa Hija.

Bulik wako,
Wuryan